Pete ya Mwanamke wa Dirishani

Kila asubuhi, kabla hajafunua kitambaa cheupe kilichofunika kapu lake la mikate, Bi Balbina alivua pete. Aliifuta kwa ncha ya aproni, akaiweka kiganjani kana kwamba anapima uzito wake, akautazama mkono wa kulia, akautazama wa kushoto, kisha akaivaa. Siku nyingine kulia, siku nyingine kushoto. Hapo ndipo alipopaza sauti ya kuwashtua njiwa wote wa bustani: "Mikate! Ya chumvi, ya mbegu za mpopi, bado ya moto!"

Kwetu Krakow pete ya ndoa hukaa mkono wa kulia. Mume akifa, mke huihamishia kushoto, na hairudi tena. Bi Balbina ndiye mwanamke pekee niliyemjua ambaye pete yake ilikuwa haijaamua.

Alikaa kwenye kona ya bustani, karibu na lango ambalo wanafunzi wa chuo kikuu hupitia, na mikate yake ya duara iliyosokotwa kama kamba. Wanafunzi walimzoea. Walikuja wakipuliza mikono kwa baridi, na kabla ya kununua walichungulia vidole vyake.

"Mama, leo mke au mjane?"

"Leo nina mume. Nunua miwili, mmoja upeleke kwa mkeo."

"Sina mke, mama."

"Kwa nywele hizo hata mimi ningekukataa. Nunua miwili hivyo hivyo."

Siku za mkono wa kushoto hakutania. Aliuza kimya, na wao nao wakanunua kimya.

Mumewe aliitwa Walenty, fundi wa majiko ya vigae ya kupashia nyumba moto. Majiko mengi ya nyumba za mtaani kwetu yalijengwa kwa mikono yake, na bado yanapasha moto mpaka leo. Vita vikuu vilipoanza alichukuliwa na jeshi la Kaisari, akapelekwa milimani upande wa mashariki, na huko habari zake zikakatika. Hakuna aliyemwona akifa. Hakuna aliyemwona hai pia. Vita vikaisha, Kaisari akaondoka, nchi yetu ikawa nchi tena, wasichana kama mimi tukaruhusiwa kusoma mpaka tukachoka, na Walenty akabaki njiani.

Alimjia kwenye ndoto. Hilo Bi Balbina aliniambia mwenyewe, asubuhi moja ya ukungu nilipokuwa mteja wake wa kwanza.

"Anaingia, anakaa karibu na jiko, hasemi kitu. Mimi naangalia viatu vyake tu. Vikiwa vikavu, najua yuko mahali fulani, ana paa juu ya kichwa. Naamka, pete naiweka kulia. Vikiwa vimelowa..." Akanipa mkate wangu. "Kula, binti msomi. Umekuwa mwembamba kama mshumaa wa senti."

Nilikula. Mimi si mtu wa maneno mengi. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia na nikapata kazi kwenye jumba la makumbusho, katika chumba cha picha za kuchapwa. Ni chumba kirefu chenye makabati ya droo nyembamba na dirisha linalotazama ukuta. Nilikuwa msaidizi wa Profesa Gniewosz, mzee mwenye sauti laini, ambaye akiieleza picha unaona kama amefungua mlango ukutani. Mimi nilipenda kukaa humo. Picha haikuulizi mbona umenyamaza.

Picha niliyopewa kuisoma ilikuwa moja, ndogo, isiyozidi ukubwa wa kitabu cha sala. Ilitengenezwa mwanzoni mwa karne na Leon Drzazga, kijana aliyekufa kwa kifua kabla jina lake halijaenda mbali. Aliifanya kwa bamba la shaba, nta, sindano na tindikali. Unapaka bamba nta, unachora kwa sindano, tindikali inakula pale sindano ilipopita, kisha unajaza wino na kukandamiza karatasi mbichi juu yake. Mistari yake ilikuwa myembamba kama nywele. Muuzaji aliyezirithi nakala zake aliipa jina: Mjane.

Mwanamke amesimama kwenye dirisha la chumba cha darini, amegeuka nusu, nywele zimefunguka mgongoni. Bega moja liko chini kidogo kuliko jingine. Dirishani pameganda barafu, na nondo ametua juu ya barafu hiyo. Kwenye ukingo wa dirisha kuna vichwa vya mpopi vilivyokauka. Nje, ng'ambo ya uwanja, minara miwili ya Kanisa la Bikira Maria imebeba theluji. Mkono wa kushoto wa mwanamke umeinuliwa, vidole vimegusa kioo, na kwenye kidole kimoja kuna pete.

"Kila kitu hapa kimelala au kimekufa," profesa aliwaambia wageni. "Mpopi, ua la kasumba, ni usingizi. Nondo wa msimu wa baridi si wa dunia hii, ni roho iliyorudi kuchungulia. Na mkono wenye pete ya mjane unagusa barafu. Upande huu wazima, upande ule wafu. Je, anataka kuvuka au anataka kuzuia? Msanii hasemi."

Wageni walijifunga makoti, na mimi nilijifunga langu pamoja nao, kwa sababu ilikuwa kweli. Ukiitazama picha ile kwa muda chumba chote kinaingia baridi. Lakini nilikuwa na swali moja, na sikuwa na wa kumwuliza. Uso wa mwanamke umegeukia nje kidogo, jicho moja tu linaonekana, na jicho hilo halitazami barafu wala nondo. Linatazama chini. Linatazama nini?

Nilimtazama miezi mingi. Nilikuwa nalala naye kichwani. Halafu asubuhi moja, mwishoni mwa Oktoba, Bi Balbina alinipa kisogo ili aifute pete yake kwenye mwanga, na kilemba chake kikateleza. Ukungu ulikuwa umefuta miti yote nyuma yake. Bega moja lilikuwa chini kidogo kuliko jingine.

Nilisimama na mkate mdomoni kama mjinga. Sikusema kitu. Siku iliyofuata sikusema kitu pia. Ningeanzaje? Samahani, Bi Balbina, nadhani mimi hukaa na wewe kwenye droo?

Aliyenisaidia ni Tekla.

Tekla alikuwa dada yake Walenty, dobi, mwanamke mpana mwenye mikono myekundu na sauti ya kuvuka mto. Alifika kwenye kapu amekumbatia maua meupe ya makaburini, maana siku ya kuwaombea marehemu ilikuwa imekaribia.

"Wifi," alisema bila salamu, "mwaka huu jina la kaka yangu linasomwa kanisani."

"Yanasomwa majina ya waliokufa."

"Ndiyo. Sasa yeye ni nini? Yuko sokoni ananunua siagi?"

"Sijui aliko."

"Hujui! Miaka ishirini hujui! Watu wote wanawawashia wafu wao mishumaa, mimi kaka yangu hana hata kaburi la kuwekea ua. Unajua wanasemaje huko kwenye kufulia? Wanasema Balbina hamtaki mumewe afe kwa sababu akifa, itabidi aseme ni nani aliyemuua."

Bi Balbina alianza kupanga mikate iliyokwisha kupangwa. "Tekla, usianze."

"Naanza! Nani alikwenda kusimama kwa yule mchoraji? Bibi harusi mpya, anakwenda darini kwa mtu anayekohoa, anafungua nywele! Na yule mtu akakuchora mjane. Mjane! Mumeo yuko hai, yuko nyumbani anakula supu, na wewe umeshachapwa na pete kushoto! Picha kama hiyo inatafuta kutimia, wifi. Ilikaa ikingoja vita tu."

Alikuwa amesahau kwamba nipo. Bi Balbina hakuwa amesahau. Alinitazama kwa haya, kama mtu aliyekutwa hana viatu.

"Usimsikilize, mwanangu. Anapenda kaka yake, basi."

"Picha hiyo," nilisema. Sauti yangu ilitoka ndogo, nikarudia. "Picha hiyo iko kwetu. Mimi ndiye ninayeitunza."

Tekla alijifanyia ishara ya msalaba kwa mkono wenye maua, nusu ya petali zikamwagikia mikate.

Alipokwisha kwenda, Bi Balbina alinieleza, akiokota petali moja moja. Drzazga alikuwa akipanga chumba darini, katika jengo ambalo Walenty alikuwa anajenga jiko. Alihitaji mtu wa kusimama dirishani siku chache. Walenty ndiye aliyesema, mke wangu anaweza kusimama vizuri, si mtu wa kuhangaika. Hawakuonyeshwa picha. Kijana yule akafa, wakamzika, wakamsahau. Kisha vita vikaja, na msimu ambao habari za Walenty zilikatika, Bi Balbina alipita mbele ya duka la vitabu na kujiona.

"Dirishani mwa duka. Nimeandikwa Mjane. Nikatazama mkono. Nikasimama mpaka pumzi yangu ikafunika kioo chote, nikafuta, bado niko pale, pete kushoto." Juu ya mnara wa kanisa tarumbeta inayopigwa kila saa ililia na kukatika katikati ya wimbo, kama ilivyo desturi ya mji wetu. "Ninyi wasomi mnasema nini? Mchoraji anaweza kujua jambo kabla halijatokea?"

Nilimwambia nitakwenda kuitazama picha tena.

Niliporudi chumbani nilitoa picha nikaiweka mezani. Niliitazama kama mtu anayetafuta ufunguo aliouangusha. Nilianza na mkono, nikaenda kwenye mpopi, nikaenda kwenye nondo, mwisho nikatoka nje ya dirisha na kuvuka uwanja, na hapo nikasimama. Minara ya kanisa letu hailingani. Mmoja ni mrefu, ule wa tarumbeta, na kila mtoto wa Krakow anajua uko upande gani ukiwa umesimama uwanjani. Kwenye picha ulikuwa upande mwingine.

Profesa hakushangaa.

"Naam, imegeuzwa. Kila picha ya bamba hugeuka ikichapwa, kulia huwa kushoto, binti Otylia, hilo ulijifunza mwaka wa kwanza. Mchoraji mwangalifu huanza na mchoro uliopinduliwa ili karatasi iwe sawa. Drzazga alikuwa mwangalifu mno. Kama minara imepinduka, basi alitaka ipinduke. Huo ni mji wa upande wa pili."

"Na kama alichora moja kwa moja kwenye shaba, akimtazama?"

Aliivua miwani yake. "Basi na pete imepinduka."

"Ndiyo, bwana profesa."

"Ukininyang'anya mjane nitabaki na nini?"

"Mwanamke dirishani."

"Hiyo haitoshi kwa hotuba," alisema, lakini kwa upole, na jioni ile nilimwona ameinama juu ya picha peke yake, mikono mgongoni.

Nilimwalika Bi Balbina. Alikuja siku ya mwisho ya Oktoba, baada ya kuuza, na kapu tupu mkononi na kilemba kipya kichwani. Tekla alimfuata nyuma bila kualikwa, akinusa hewa ya makumbusho kama anayetafuta panya.

Nilifungua droo nikaitoa picha. Bi Balbina hakuikaribia mara moja. Aliliweka kapu chini, akakunja mikono, akatazama kwa mbali, kama unavyomtazama mtoto wa mtu aliyelala.

"Nilikuwa na nywele," alisema.

"Ulikuwa na kiuno," alisema Tekla. Kisha akainama, pua karibu na karatasi. "Huyu kijana alikuwa anakunywa? Mnara mrefu kauweka wapi? Tarumbeta itatokea huku?"

Nilitoa kioo changu kidogo cha kujitazamia kutoka kwenye mkoba. Niliogopa kuwa nimekosea. Nilimwuliza Bi Balbina kama anakumbuka Drzazga alikuwa akichorea kwenye nini, karatasi au kitu kingine.

"Karatasi sikuiona. Alikuwa na kipande cha chuma cheusi mapajani, anakikwaruza kwa sindano. Ananitazama, anakwaruza. Ananitazama, anakwaruza. Mimi nilidhani anasafisha sufuria kabla ya kuanza kazi. Siku ya mwisho nikamwuliza, utaanza lini? Akacheka mpaka akakohoa."

Basi niliweka kioo kando ya picha, kimesimama wima, na kumwomba atazame mle ndani.

Ndani ya kioo mnara mrefu ulirudi mahali pake. Uwanja ulikuwa uwanja wetu. Mwanamke alikuwa amesimama vilevile, nywele vilevile, bega vilevile. Mkono uliogusa barafu ulikuwa wa kulia.

Pumzi ya Bi Balbina ilikifunika kioo, akakifuta kwa ncha ya aproni, taratibu, kwa mkono uleule na kwa namna ileile aliyoifuta pete kila asubuhi. Akatazama tena.

"Niko kulia," alisema.

"Alichora alichokiona. Karatasi ndiyo iliyogeuza. Jina alilipa muuzaji, Drzazga alikuwa amekwisha kufa."

"Kwa hiyo siku ile nilikuwa mke."

"Ulikuwa mke."

Tekla aliketi kwenye kiti cha profesa, ambacho hakuna anayekikalia. "Yesu na Maria. Miaka yote hii nimekutukana bure?"

"Si bure, wifi. Ulikuwa unafurahi."

"Nilikuwa nalia!"

"Najua. Ulikuwa unalia kwa kelele."

Tekla alicheka na kulia pamoja, akajifuta uso kwa shali. Mimi nilidhani sasa pete itakaa kulia daima, na kwamba nimempa Bi Balbina mumewe arudi naye nyumbani. Ndivyo nilivyotarajia, na nilianza kufurahi. Lakini yeye aliendelea kutazama mle kiooni, na alipozungumza hakuwa akizungumza nasi sana.

"Nilikuwa naogopa. Kila akija na viatu vilivyolowa, nilikuwa namwambia, hapana, rudi ukavikaushe. Nikikubali kwamba amekufa, basi nimekubali kwamba ni mimi niliyemuua, kwa kusimama pale." Akaweka kidole karibu na karatasi, bila kuigusa. "Kumbe hapa sikusema chochote. Nilisimama tu."

Alinirudishia kioo changu. Kisha akainua kapu lake.

"Tekla, lipeleke jina."

"Una hakika, wifi?"

"Amechoka yule, kutembea kila usiku na viatu vile. Lipeleke leo, kabla padri hajala."

Siku ya kuwaombea marehemu nilikwenda kanisani kwao, nikasimama nyuma karibu na mlango. Padri alisoma majina kwa sauti ya usingizi, majina mengi, yakapita kama watu wanaovuka daraja kwenye ukungu, na katikati yao likapita jina la Walenty, halikusimama, likaenda na wenzake. Bi Balbina alikuwa ameinamisha kichwa. Tekla alilitamka tena peke yake, kwa nguvu, na watu wa mstari wa mbele wakageuka. Baadaye makaburini waliweka mshumaa chini ya msalaba mkubwa, ule wa wasio na makaburi, na maua meupe, na pande zote mwanga ulikuwa mwingi kiasi kwamba ukungu ulionekana kama unawaka kwa ndani.

Asubuhi iliyofuata niliwahi. Bado hapakuwa na mtu bustanini. Bi Balbina alivua pete, akaifuta, akaiweka kiganjani. Hakutazama mkono wowote. Aliivaa kushoto, akaisukuma mpaka kwenye shina la kidole, akafunua kapu.

Wanafunzi wawili walitokea wakicheka. "Mama, leo mke au mjane?"

"Mjane."

"Na kesho?"

"Na kesho."

Yule mwenye nywele mbaya alivua kofia. Akanunua miwili bila kuambiwa, na alipopokea chenji alisema, "Pole, mama," akaondoka polepole, mwenzake nyuma yake.

Tulibaki wawili. Alinichagulia mkate wa mpopi, ule wa chini ambao bado una moto, na nilipoupokea niliona kwamba nisipouliza sasa sitauliza kamwe. Nilimwambia kwamba nimelitazama jicho lake lile kwa miezi mingi. Nikamwambia kwamba watu wenye akili kuliko mimi wameeleza mkono ule, na barafu ile, na bado sijui.

"Bi Balbina, pale dirishani ulikuwa ukitazama nini?"

Alitikisa mbegu za mpopi kutoka kwenye vidole vyake.

"Walenty," alisema. "Alikuwa chini kwenye theluji, ananingoja, kichwa wazi. Nilikuwa namwashiria avae kofia."